Kidude Kilichomchongea Zubeda

Tusidanganyane, chai ya Mwajuma pale kwenye foleni ya malori Tunduma ilikuwa ya kawaida tu, na ile ya mwisho wa birika usiombe ikukute. Watu walifuata hadithi. Kila asubuhi alisoma sura moja kwa sauti huku akikanda unga wa maandazi, na madereva waliosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wakatulia kama wako msikitini. Ng'ambo ya barabara muuza chai mwenzake, Shamimu, alikuwa na televisheni kubwa yenye tamthilia, na viti vyake vilikuwa vitupu. Jambo hilo lilimfurahisha Mwajuma kupita kiasi.

Balaa lilianza shemeji yake Abdul alipomletea kidude cha kusomea vitabu, cha kugusa kwa kidole. Ukigusa kulia, ukurasa unakwenda mbele; kushoto, unarudi; ukikandamiza neno au jina, kisanduku kinatokea na maelezo yake. Vizuri kwa mwenye vidole vikavu. Vya Mwajuma viko kwenye unga na mafuta tangu alfajiri.

Halafu haruki neno, huyo. Ustadhi aliyemfundisha kusoma alimchapa kwa kurukaruka, basi husoma kila kinachotokea kwenye kioo, hata matangazo ya kidude chenyewe. Bwana harusi anamuaga mkewe kwa machozi, Mwajuma anasoma kwa huruma ileile: "Nisubiri, mpenzi, zimebaki dakika sita kumaliza sura, wasomaji wengi wamepigia mstari hapa."

Siku ya sura ya mwisho palijaa. Makame, dereva kutoka Tanga, karatasi zake za forodha zilikwishatoka, lakini alikataa katakata kuondoka kabla hajajua nani alimtilia sumu tajiri wa kwenye hadithi. Wenzake nyuma wanapiga honi, yeye anakoroga chai.

Mwajuma akagusa, ukurasa ukarudi nyuma. Akafuta kidole kwenye kanga, akagusa tena, safari hii akakandamiza mno, juu ya jina la mke mdogo aliyekuwa kizimbani. Kisanduku kikatokea, naye, kwa tabia yake ileile, akasoma: "Zubeda. Mke mdogo wa tajiri. Ndiye aliyetia sumu."

"Lahaula!" akasema Makame. "Yaani ndiyo imekwisha?"

Nathanaeli, mbeba mizigo aliyempenda Zubeda kama dada yake, akasukuma kikombe chake pembeni. Watu wakaanza kuinuka. Ng'ambo kule Shamimu, mwanamke asiye na haya, akaongeza sauti ya televisheni. Mwajuma akapiga meza kwa kiganja chenye unga.

"Kaeni!" akafoka. "Kisanduku si hadithi, ni umbeya! Tangu lini mtoto wa watu akahukumiwa kwa maneno ya wambeya? Mtaona aibu nikimaliza."

Wakatazamana, wakakaa.

Mwajuma akainamia kidude akasoma, na loo, alisoma! Zubeda akatoka mahakamani kichwa juu. Mke mkubwa akabanwa kwa maswali mpaka akakiri mwenyewe. Nathanaeli akalia bila kujificha. Makame akaja kuongeza chai, akachungulia begani kwa Mwajuma: kioo kilikuwa kimejizima kitambo, cheusi tii, na yeye bado anasoma.

Mwajuma akainua uso, macho yao yakagongana.

Makame akavuta kigoda, akakaa karibu naye. "Endelea, dada," akamnong'oneza. "Lakini huyo mke mkubwa usimfunge kwanza. Amwombe Zubeda radhi, tena mbele za watu."