Nilivyokwenda Namasakata Kufundisha Haki za Wajane

Nilikwenda Namasakata kwa sababu nilijitolea kabla swali halijaisha. Ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili, kamati yetu ya Haki na Amani imekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa parokia, na mwenyekiti akasoma barua kutoka kigango cha huko wilayani Tunduru. Wakristo wa kule ni wachache, wanaelewana na jirani zao Waislamu, na wote kwa pamoja walikuwa wanaomba mtu wa kwenda kuzungumza nao habari ya wajane kunyang'anywa mashamba.

"Sasa, nani anaweza..." mwenyekiti akaanza.

"Mimi," nikasema.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Msamala, hapa Songea. Lakini nilikuwa nimehudhuria semina ya siku tatu ya usuluhishi na kupewa cheti, na tangu hapo hakuna aliyegombana kwa raha mtaani kwetu. Wakipaza sauti tu, nimeshafika. Kwa ajili ya safari nikajishonea kizibao cha bluu chenye maandishi mgongoni. Herufi nilizikata kubwa mno, kwa hiyo HAKI ilienea mgongo mzima na AMANI ikaishia kwapani. Nikajipa moyo kwamba mtu wa mbali hataona.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Songea. Mwenzangu wa safari alikuwa Mama Komba, mwalimu mstaafu na makamu mwenyekiti wa kamati. Yeye alibeba kikapu kimoja. Mimi nilikuwa na begi, mfuko wa kalamu za rangi na marobota mawili ya karatasi za kubandika ukutani.

"Fundi," akaniuliza, "tunahamia?"

Njia yote hadi Namtumbo nilimweleza abiria wa kiti cha jirani hatua za usuluhishi, moja baada ya nyingine. Namtumbo akaniaga kwa adabu, akashuka. Basi lilipokaribia kuondoka nikamwona anapanda tena, ananipita bila kunitazama, anakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Nikadhani amesahau kitu.

Mchana tulifika Tunduru mjini, tukachukua bodaboda mbili. Barabara ya vumbi ilipita katikati ya mikorosho, na nilipoteremka Namasakata kizibao changu kilikuwa kimegeuka rangi ya tofali. Mwenyeji wetu, Mzee Saidi, mkulima wa korosho, alitusubiri mlangoni amevaa kofia yake nyeupe. Kwa hamu ya kuanza kazi nikamrukia na salamu ya parokiani:

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," akajibu bila kusita, "na karibuni sana. Ila ukiniambia shikamoo pia nitaitika."

Mama Komba akamwamkia vizuri, kwa niaba yetu sote. Tuliletewa maji ya kunawa na mwanamke mpole wa makamo. Mzee Saidi akamtambulisha: "Huyu ni Mwanahawa, mke wa marehemu mdogo wangu." Tukala wali na kuku, nikiwaza hotuba yangu.

Alhamisi saa nne tulikusanyika darasani, shule ya msingi. Watu walijaa hadi madirishani. Nilibandika karatasi, nikachora miduara na mishale, nikazungumza saa nzima juu ya sheria ya ardhi, heshima ya binadamu na mafundisho ya Kanisa. Nilipogeuka kubandika karatasi ya sita, Mzee Saidi aliinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Haya tunayajua. Shehe alikwishatueleza fungu la mjane na fungu la watoto, hakuacha kitu. Mimi mwenyewe navuna mikorosho ya marehemu mdogo wangu, na Mwanahawa yule pale amekaa. Nilianza kwa kumsaidia tu kusimamia shamba. Mwaka ukazaa mwaka. Najua si haki. Ninachotaka unifundishe ni namna ya kuanza. Mtu unasimamaje, unasemaje? Wewe umewahi kufiwa na ndugu?"

"Nimefiwa na kaka."

"Aliacha mke?"

"Aliacha."

"Na shamba?"

Hapo ndipo kalamu ilipokauka mkononi mwangu. Kaka yangu Otmari aliacha shamba la ekari mbili bondeni, nje kidogo ya mji. Baada ya msiba nilimwambia mkewe, Hyasinta, kwamba nitalilima kwa muda, mpaka watoto wakue. Miaka sita imepita. Watoto wamekua, mkubwa ananizidi kimo, na mimi bado nalima kwa muda. Sikuwahi kuliita jambo hilo kwa jina lake. Niliwafundisha wengine jina lake kwa mishale ya rangi tatu, lakini la kwangu niliita msaada, kama Mzee Saidi alivyoita.

"Shamba," nikasema, "nilimrudishia."

"Ulifanyaje?" Alisogea mbele, uso wake wazi kabisa.

Uongo ukishaanza hauna breki. "Nilimfuata nyumbani. Nikamwambia mbele ya watoto. Kesho yake tukazunguka mipaka pamoja, na mjumbe wa mtaa akashuhudia."

"Akasemaje?"

"Alilia kwa furaha."

Mzee Saidi alisimama. "Mwanahawa," akasema, "mikorosho ni yako na watoto. Msimu huu mnavuna ninyi. Nisamehe."

Yule mwanamke mpole akainuka, akavuta mtandio wake vizuri. "Rudia, shemeji," akasema, "wasikie na wa dirishani."

Akarudia. Vigelegele vikapasuka, akina mama wakamzunguka Mwanahawa, na watu wakaja kunipa mkono wa pongezi. Mama Komba hakupiga makofi wala hakukunja uso. Alikuwa ananitazama kwapani, pale penye AMANI. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Hyasinta.

Ijumaa asubuhi tuliagana. Mzee Saidi alinikabidhi mfuko wa korosho zilizobanguliwa. "Hizi si zako, mwalimu. Mpelekee shemeji yako, yule aliyelia. Mwambie habari yake imetufika huku na imetusaidia."

Ule mfuko ulikuwa wa kilo moja labda, lakini mapajani mwangu, njia yote kutoka Tunduru, ulikuwa mzito kama gunia. Namtumbo Mama Komba alinunua ndizi, akanimegea.

"Mama, utawaambia wanakamati?" nikauliza.

"Niwaambie nini? Mambo ya Hyasinta atayasema Hyasinta." Akamenya ndizi yake. "Zile korosho tu ndizo utakazonieleza zimefika wapi."

Saa tisa alasiri nilishuka Songea, sikupitia hata kwangu. Nilimkuta Hyasinta uani anachambua maharage, mwanawe wa kwanza kando yake. Nikasimama. Nilikuwa nimewafundisha watu jambo hilo, tena kwa hatua, na sikukumbuka hata moja. Nikamwambia yote: shamba, darasa, uongo, mpaka yale machozi ya furaha.

Hakulia. Aliendelea kuchambua.

"Nani amekutisha?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi kesho saa moja, shambani. Mjumbe nitamwita mwenyewe. Wewe usimwite."

Jumamosi asubuhi tulizunguka mipaka, yeye mbele, mimi nyuma, mjumbe na watoto katikati. Kona ya mtoni alisimama, akapima kwa macho, akaniambia mpaka upo mbele zaidi. Alikuwa sahihi, nilikuwa nimesahau ukubwa wa kitu nilichokichukua. Mjumbe akaandika, tukatia sahihi.

Nilipiga simu Namasakata palepale, kabla ushujaa haujapoa. "Mzee Saidi, shikamoo. Nilikudanganya. Shamba nimelirudisha leo, dakika hii."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba. Kumbe mimi ndiye niliyeanza, wewe umenifuata!"

Ndivyo ilivyo. Nilisafiri mbali na marobota ya karatasi kwenda kufundisha, nikarudi mwanafunzi wa pili katika darasa langu mwenyewe.

Nilipokata simu Hyasinta alikuwa bado amesimama kwenye kona ya mtoni. Nikamsogelea, nikavua kofia. "Shemeji, naomba unisamehe."

Alinitazama, kisha akalitazama shamba.

"Shamba nimepokea," akasema. "Hilo lingine ngoja kwanza."

Nami nangoja. Kwenye semina hawakutufundisha hatua hiyo, au labda walifundisha wakati nikijibu maswali ya wenzangu.