Bendi Iliyobaki Kwenye Kinu

Sogea karibu, rafiki, nikueleze kwa nini juzi nilisimama kando ya uzio wa nyumba ya watu pale mtaani Makanyagio, nikashindwa kuendelea na njia yangu. Ndani, mtu alikuwa anatwanga kisamvu.

Miaka ya tisini bendi ya dansi ya mtaani kwetu ilifanya mazoezi mchana, kwenye ukumbi uliopakana na ua wa bibi. Bibi na shangazi walitwanga wakifuata gitaa la besi: mapigo mawili mazito, pigo moja jepesi, kisha kimya. Kwenye kimya hicho ndipo mwimbaji alipoingia. Sisi watoto tukipewa zamu ya kutwanga, njaa ikituuma, tulikuwa na haraka. Bibi alitutuliza: "Msikimbize mchi, nyie. Msubirini mwimbaji aingie."

Mwimbaji alikuwa jirani yetu. Mama alipofariki, alikuja msibani mikono mitupu, akamwambia bibi kwamba mchango wake ni wimbo. Ulianza na jina la mama. Kuanzia hapo, kila bendi ilipoalikwa, iwe Sitalike au Kasansa, watu waliuomba, wakaucheza taratibu, bila kelele.

Haukurekodiwa. Kurekodi kulikuwa Dar es Salaam, na bendi ilipojiandaa kusafiri, mvua zikakata reli. Kabla treni haijarudi, mwimbaji aliugua, akafa. Wenzake walijaribu kuendelea, ila hakuna aliyetaka kusimama mahali pake. Wakatawanyika, wengine mashambani, wengine kwenye machimbo ya dhahabu. Bibi naye akatutoka. Kichwani mwangu likabaki lile jina la mwanzo na namna mwimbaji alivyoliimba. Maneno mengine yalipotea. Niliamini wimbo umekwisha.

Juzi nikapiga hodi. Binti aliyeshika mchi alikuwa mdogo mno kuijua bendi. Akaniamkia, nikamuuliza mbona anapiga mawili mazito, moja jepesi, halafu anasimama.

"Mama alinifundisha hivyo. Hapo unasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui, shangazi. Unasubiri tu."

Nikamwomba aendelee. Kimya kilipofika, nikaingia na jina la mama yangu, kwa sauti ileile ya jirani yetu. Binti alinitazama, lakini mchi wake haukukosea.

Ukumbi ule sasa ni maduka, na vyombo vya bendi sijui viliishia wapi. Ila wewe ukishika mchi, usiukimbize. Piga mara mbili kwa uzito, mara moja kwa wepesi, kisha nyamaza. Hapo mtaje mtu wako, halafu endelea kutwanga.