Aibu ya Upande Wetu

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka moyoni, mwanangu: siku shangazi yangu Firmina alipoingia uani kwetu kijijini Mofu bila kupiga hodi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na miaka yote niliyomjua hakuwahi kuingia kwa mtu bila hodi, hata kwa mdogo wake. Nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia, “Shikamoo, shangazi.” Hakuitikia. Nikajua kuna jambo.

Lakini nimedandia hadithi katikati. Kwanza nikwambie kwa nini nimekuita ukae hapa, Deo, na simu yako uiweke mfukoni.

Juzi jioni nilikuwa natoka sokoni nikapita mtaa wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, pale kwa fundi simu mnapokaa kubishana. Nilisikia sauti yako kabla sijakuona. Mlikuwa kwenye habari za Marekani. Kuna mwanasiasa wa huko, wa chama usichokipenda, ametajwa na mwanamke kwamba alimshika bila ridhaa yake. Ukasema huyo hafai, aachie kiti kabla jua halijazama, na wote wanaomtetea ni wanafiki. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu mtoto nimemlea. Kisha mwenzako mmoja akakuuliza, “Na yule wa huko mnayemshabikia ninyi je? Si naye alitajwa, tena na wanawake zaidi ya mmoja?” Ukacheka. Ukasema, “Ah, yule wamempakazia tu. Halafu mambo ya chumbani ya mtu yanahusu nini uongozi?” Wenzako wakacheka na wewe. Mimi nilibaki nimesimama na kikapu changu.

Wamarekani wenyewe hawakunishangaza. Redioni nasikia. Wapo waliopiga kelele za ndoa na maadili mgombea wa upande wa pili alipofumaniwa, na alipofumaniwa wa kwao wakasema Mungu huwatumia hata wenye dhambi. Wapo pia waliohubiri kwamba mwanamke akilia asikilizwe, na aliyelalamikiwa alipokuwa mtu wao wakauliza, mbona siku zote hakusema? Pande zote mbili, mwanangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ile ni nchi ya mbali na mimi siijui. Kilichonitia hofu ni kicheko chako, kwa sababu nilikwisha kukisikia zamani, nikiwa msichana wa miaka ishirini, kinywani mwa baba yangu. Na baba yangu, babu yako, nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimeingia, na siasa ilikuwa ngeni kwetu kama redio mpya, kila mtu anataka kuishika. Babu yako alikuwa mkuu wa kampeni wa mgombea wetu wa udiwani. Chama sikitaji. Nikikitaja utaanza kuipima hadithi kwa mizani ya chama, na ndicho ninachokukataza.

Basi mgombea wa upande wa pili, mtu mwenye mke wake, alionekana alfajiri akitoka kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Salome, aliyekuwa anauza vitumbua kivukoni. Hakumlazimisha. Ilikuwa dhambi ya watu wazima wawili. Lakini baba alikuwa mtunzi hodari wa nyimbo, kwaya nzima ilimtegemea, na siku hiyo hiyo akatunga wimbo. “Bendera mlango wa mbele, ndara mlango wa nyuma.” Ulikuwa mtamu, siwezi kukudanganya. Haukupita muda ukawa kila mahali: wanawake mtoni wanaimba, wavuvi wanaimba, watoto wakitoka shule wanapita makusudi mbele ya nyumba ya mjane wanaimba. Mama Salome akaacha kwenda kivukoni. Baadaye akaacha kuja kanisani. Yule mwanamume aliendelea kupanda jukwaani na kuhutubia kama kawaida. Aliyefungiwa mlango ni mwanamke.

Pale nyumbani tuliishi na Leokadia, binti wa mama yangu mdogo, aliyetoka Mahenge kuja kutusaidia kilimo. Tulikuwa rika moja, tunalala chumba kimoja, tunavaliana kanga. Wakati ule wa kampeni alikuwa anapika nyumbani kwa mgombea wetu, maana wageni walikuwa wengi. Mchana mmoja, jua kali la kabla ya mvua, nikamwona anakuja peku, kitenge kimechanika kiunoni, anatembea haraka bila kukimbia, kama mtu anayeogopa kuonekana anakimbia. Nikamvuta ndani. Akaniambia mgombea alimtuma ghalani kuleta mchele, kisha akaingia nyuma yake akatia komeo. Leokadia alimng'ata mkono kwa nguvu zake zote, akatokea dirishani.

Nilimshika mkono tukaenda kwa baba. Nilikuwa na uhakika, mwanangu. Nilijua baba atachukua panga. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, kisha akauliza, “Nani mwingine anajua?”

Hakuuliza kama ameumia.

“Hakuna, baba,” nikamjibu.

“Basi ibaki hivyo. Uchaguzi umefika mlangoni. Tukisema sasa tumewapa wale kiti bure. Kura zikiisha nitamshughulikia mwenyewe.”

Jioni mgombea akaja kikaoni uani kwetu, mkono umefungwa kitambaa. Akasema mbwa amemng'ata. Watu wakampa pole. Mzee mmoja akasema amesikia maneno mengine njiani, kwamba binti fulani alionekana akiruka dirisha. Baba akacheka. “Maneno ya wapinzani hayo,” akasema. Leokadia alikuwa jikoni pamoja nami, ukuta wa matete tu katikati. Alikisikia kicheko kile kama nilivyokisikia mimi.

Asubuhi yake nikaamka, mkeka wake umekunjwa na yeye hayupo.

Sijui nikueleze vipi hofu ya siku ile. Mto ulikuwa umepungua, mamba wanalala wazi kwenye mchanga, na ng'ambo watu walikuwa wanachoma nyasi, moshi umefunika bonde. Mama akasema tupige yowe kijiji kitoke kutafuta. Baba akakataa. Kijiji kikitoka kitauliza kwa nini binti ametoroka, naye hakuwa na jibu la kuwapa. Akatuagiza tuseme amekwenda Mahenge kusalimia. Basi mimi na mama tukamtafuta wenyewe, kimyakimya. Tunakutana na mvuvi, tunamsalimia, tunamuuliza habari za kambale, halafu mama anatupia mwishoni, “Hujamwona msichana yeyote huku?” kama vile halina uzito. Kila nilipoona kitu kinaelea majini nilikimbilia ukingoni. Mara gogo, mara gunia. Baba alikuwa anatembea uani, anakwenda na kurudi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku iliyofuata ndipo shangazi Firmina alipoingia bila hodi. Alimkuta baba amekaa na bendera za chama magotini, anazifunga kwenye miti.

“Mtoto yuko hai,” akasema. “Yuko kwa Mama Salome. Nimetoka huko sasa hivi, ameniambia yote.”

Baba akasimama, bendera zikaanguka. “Kwa yule? Kwa nini aende kwa yule?”

“Kwa sababu hapa Mofu hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo watu wa chama chako hawapiti.”

Baba akainama kuziokota zile bendera.

“Mjane ulimtungia wimbo,” shangazi akaendelea, wala hakupaza sauti. “Kosa lake halikukuhusu, si ndugu yako wala hakukukosea, ukamwimba mpaka akajifungia ndani. Huyu ni mtoto wa nyumba yako. Ameshikwa kwa nguvu, amekuja kulia miguuni pako. Mbona wimbo umekukauka kooni?”

“Dada, uchaguzi huu...”

“Najua. Kuku havunji yai lake. Lakini likioza, kuku mwenyewe hulisukuma nje ya kiota, lisiharibu mengine. Wewe umelilalia.”

Baba alikaa chini mavumbini, mtu mzima vile, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, na uso wake wa siku ile nautamani uwe wako mapema, kabla hujafika alikofika yeye.

Kwenye mkutano wa mwisho wa kampeni, uwanja wa shule ulijaa. Baba akapanda jukwaani na watu wakapiga vigelegele, wanajua ataanzisha wimbo. Akasema, “Niliimba habari za nyumba ya mtu. Leo ninayo ya kwetu. Mgombea wetu hakung'atwa na mbwa. Aling'atwa na mtoto wangu, akijiokoa.” Hakupata nafasi ya kusema zaidi. Vijana aliowafundisha mwenyewe nyimbo za kampeni walimnyang'anya kipaza sauti, wakamsukuma, wakamrushia mchanga. Wakamwita msaliti. Waliosema hivyo si kwamba hawakuamini, mwanangu. Wengi waliamini. Mmoja wao alikuja baadaye akamwambia mama, “Tulijua. Lakini alikuwa wa kwetu.”

Unadhani mgombea alishindwa? Alishinda. Mambo ya dunia hayaishi kama hadithi za jioni. Baba akakosa watu wa kusaidiana naye kuvuna, na msibani alikuwa anakaa peke yake. Hilo alilibeba bila kulalamika. Lililomlemea lilikuwa lingine.

Baada ya mkutano ule alinichukua tukaenda kwa Mama Salome kumchukua Leokadia. Mjane alifungua mlango nusu, akaitikia salamu, hakutukaribisha. Baba akavua kofia, akaomba msamaha. Mama Salome alimsikiliza mpaka akamaliza.

“Binti yako nimemtunza kwa sababu hana kosa,” akasema. “Na msamaha wako nimeusikia. Lakini wanangu bado wanaimbiwa njiani. Nenda ukautoe ule wimbo midomoni mwa watu, ndipo urudi tuzungumze.”

Alijaribu, mwanangu. Aliwakataza watoto, akawaomba wazazi wao, akatunga nyimbo nyingine tamu zaidi apate kuufunika ule. Haukutoka. Ulimi hauna mfupa, lakini ukilitoa neno, hakuna mkono wa kulirudisha. Mpaka baba anakufa, watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakati wa uchaguzi ule walikuwa wanaurukia kamba, wala hawajui unamhusu nani. Mlango wa Mama Salome hakuuvuka kamwe. Leokadia aliolewa Katindiuka, ana wajukuu, unamjua, ni yule mama yako mkubwa anayecheka kwa sauti. Lakini hata leo akiwa chumbani mtu akifunga mlango nyuma yake, huinuka akaufungue.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima amani. Wewe leo uko mbele kwenye kampeni ya mgombea wenu wa hapa Ifakara. Umepewa fulana na pikipiki, unasalimiwa mjini. Sikukatazi siasa; nchi bila wanasiasa vijana ni shamba la nguruwe pori. Lakini Jumapili baada ya misa nilimsalimia yule binti anayewapikia chai kwenye ofisi yenu ya kampeni. Akanishika mkono, machozi yakamtoka. Sijui analia nini. Labda amefiwa, labda ana ugonjwa nyumbani. Siwezi kusema nisichokijua. Ila niliporudi nikakuuliza, “Deo, yule binti wa ofisini ana nini?” ukanijibu haraka mno, “Mama, hayo ni maneno ya wapinzani.”

Mwanangu, mimi nilikuwa sijakwambia neno lolote.

Ndiyo maana nimekuita. Nisikilize vizuri. Mtu wa upande wa pili akitajwa kwa aibu, usishangilie, maana nyuma ya aibu yake kuna mwanamke mwenye watoto wanaosikia. Na mtu wa upande wako akitajwa, swali ulilomuuliza yule wa kule muulize na huyu, kwa sauti ile ile. Kama kwa yule ulitaka ushahidi, na kwa huyu utake. Kama kwa yule ulitaka mwanamke asikilizwe, na kwa huyu asikilizwe, hata kama kiti kitapotea. Usimhukumu mtu kwa uvumi, wapakaziaji wapo kweli. Lakini usiite uvumi kitu ambacho hujakwenda kukiuliza. Na mtu akija kwako analia, kabla hujauliza nani mwingine anajua, muulize kwanza kama ameumia.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao chenu, chukua mke wako mwende kwa binti yule. Usivae fulana ya chama. Mwache mke wako aongee naye, wewe kaa usikilize. Akisema hakuna kitu, mshukuru Mungu urudi kazini. Akisema kipo, utajua la kufanya, na mimi nitakuwa nyuma yako hata Ifakara nzima ikikurushia mchanga.

Lete kichwa chako hapa niweke mkono. Mungu aliyekupa uhai tumboni mwangu akupe masikio mawili yanayosikia sawasawa, la kulia na la kushoto. Akupe moyo usioogopa kubaki peke yako. Na nyumba yako, mwanangu, iwe mahali anapoweza kukimbilia mtu anayelia. Amina.