Mtoto wa Unguja niliyefeli Kiswahili mara mbili, chupuchupu nifukuzwe chuo

Wakuu, salamu zenu.

Nnaandika haya matokeo yakiwa yametoka juzi na roho ishatulia. Sitii chumvi, sina haja, kisa chenyewe kishakolea.

Mie nna miaka kumi na tisa, nnakaa Michenzani na bibi yangu mzaa mama. Nasoma diploma ya mambo ya hoteli. Chuo sikitaji, wasije wakaniita ofisini tena. Viti vya kule nshavikalia vyote.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na kozi sita. Moja inaitwa Mawasiliano kwa Kiswahili.

Nilipoiona kwenye ratiba nikacheka peke yangu. Kiswahili? Mie? Watu wanapanda ndege kuja kwetu kujifunza hicho Kiswahili, halafu mie niamke nikafundishwe saa mbili asubuhi?

Basi siendi. Assignment naandika kwa kinyozi, huku nasubiri zamu yangu.

Matokeo yakatoka. Kozi tano nimepita. Kiswahili nimefeli.

Nikajua wamekosea wao. Nikamfuata mwalimu wa kozi, mama mmoja mpole sana, nikamwambia, "Mwalimu, nahisi kuna makosa."

"Yapo, tena mengi. Kaa nikuoneshe."

Nikapewa sup, yaani mtihani wa marudio. Swali: andika kumbukumbu za kikao cha wafanyakazi wa hoteli. Wakuu, nikaandika kikao ambacho mpishi na mhudumu wanagombania pweza aliyepotea, na meneja anazimia kwenye ajenda ya tatu. Nikatoka pale najipongeza.

Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Nimecheka sana. 11 kwa 40."

Baada ya hapo ikaja barua. Narudia kozi, na nimewekwa probation. Sikuelewa kitu. Prospectus, kile kitabu cha taratibu za chuo, nilipewa siku ya kwanza, nikaiweka chini ya mguu wa kitanda kilichokuwa kinayumba.

Aliyenisomea kwenye yake ni Neema, mwenzangu wa darasani, mtu wa Dodoma, kapanga chumba Mwanakwerekwe. Huyu Kiswahili kapata A. (Mwaka mzima mie ndo nilikuwa namcheka anavyoongea. Tuendelee.)

"Ukifeli kozi unapewa sup," akanieleza. "Ukifeli sup unairudia kozi yote, na semista hiyo unakuwa chini ya uangalizi, ndiyo probation. Ukifeli tena hapo, basi."

"Basi nini?"

"Disco."

Kwa msiopita vyuoni, kula disco ni kufukuzwa. Unabeba begi lako unarudi kwenu.

Neema akafunga kitabu. "Mwenye lugha anafukuzwa kwa lugha yake. Mimi nikisimulia Dodoma hawataniamini."

Ukurasa huohuo kuna kingine: kwa anayerudia kozi, mahudhurio yakiwa chini ya robo tatu, mtihani huingii. Mie kozi ile nilihudhuria mara nne, na moja kati ya hizo nilikosea mlango.

Sasa kazi ikawa kumwambia bibi.

Bibi yangu hugombana na redio. Mtangazaji akiteleza neno moja tu, anamjibu palepale: "Nani kakufunza hivyo, mwanangu?" Anasubiri kabisa, kama atajibiwa.

"Umefeli nini?" akaniuliza.

"Kiswahili."

Akazima redio.

"Na Kiingereza?"

"Nimepata B."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikiliza. Mtu akikuuliza, umefeli hesabu."

"Bibi, hesabu hata hatusomi!"

"Hesabu kila mtu hufeli. Hili jengine lisitoke mlango huu."

Hapo ndo tulipojimaliza. Ghorofa ya chini yetu anakaa Bi Saumu, mwalimu mstaafu. Alikuwa anafundisha nini? Hesabu. Nusu ya jumba letu imepita kwenye rula yake.

Siku ya pili tu, hodi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nshasikia kwa majirani kuwa umefeli hesabu. Mtoto wa jirani yangu hafukuzwi chuo kwa hesabu na mie nipo hai. Toa daftari."

Namtazama bibi aniokoe. Bibi kanikazia macho hata hapepesi. Nikatoa daftari.

Basi wakuu, semista nzima nikawa hivi. Asubuhi nakaa kiti cha mbele na watoto wa mwaka wa kwanza, wananiita "babu". Alasiri sehemu na milinganyo na Bi Saumu. Akipanda bila ya kutarajiwa ananikuta na notes za Neema, nazifunika kwa daftari la hesabu kama mwizi.

Neema notes alinipa kwa sharti moja: kila nikisema "sie ndo wenyewe", namnunulia urojo. Wiki ya kwanza alikula urojo siku nne.

Utani kando, niliogopa. Bibi ndo aliyenilea. Nilikuwa nikilala naliona lile begi.

Siku ya mtihani swali likaja: mgeni kalalamika maji yamekatika chumbani, andika ripoti kwa meneja. Mkono ukawa unaniwasha nimzimishe meneja tena. Nikamwacha mzima. Nikaandika kilichotokea, kimoja baada ya kimoja, ili asiyekuwepo aelewe. Hata hili kwa kiasi fulani ni la Bi Saumu. Jibu bila ya kuonesha njia alikuwa analikata mstari.

Juzi matokeo yakabandikwa. Nikatafuta namba yangu kwa kidole, mara tatu.

C. Alama 61. Probation imeondolewa.

Nikakaa kwenye ngazi. Neema akanipita, akanambia, "Hongera, mwenye lugha." Siku hiyo urojo nilinunua mwenyewe bila ya kukosa.

Nilichojifunza: kuzaliwa na lugha si kuisoma. Na prospectus isomeni mapema, kitanda kitafutieni tofali.

Bibi alisema alhamdulillahi, akajitupia buibui, akashuka ngazi na magoti yake hayohayo anayoyalalamikia kila siku. Nikamsikia huko chini: "Bi Saumu! Kafaulu hesabu!" Bi Saumu akapiga kigelegele, jumba zima likatoka madirishani. Machozi yanamtoka mama wa watu.

Sasa jana wamekuja kina mama wawili na watoto wao wa darasa la tano. Bi Saumu kawaambia waje kwangu. Nianze kuwafundisha hesabu Jumamosi.

Nikamvuta bibi jikoni. "Bibi, mie kufundisha hesabu siwezi."

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mbona Kiswahili ulisema unakiweza?"

Wakuu, uwanja wenu. Aliyewahi kuponea kwenye tundu ya sindano kama mie atoe ushuhuda. Na mwenye njia nyepesi ya kuwaelewesha watoto kugawanya sehemu kwa sehemu, aiweke hapa kabla ya Jumamosi, nakuombeni.