Parachuti Nililoanikia Mpunga

Jamani, nichekeni tu. Mgeni aliyepanga kwetu Katindiuka huruka kutoka kwenye ndege akiwa amevaa suti yenye mabawa. Aliniachia maparachuti mawili nimtunzie. Lile kubwa nikaanikia mpunga.

Juzi akarudi. "Kaka, kesho niruke na lipi?"

"Lile dogo!" nikajibu kama rubani mstaafu. "Ni jepesi, tena lina kasi."

"Hapana. Nikiwa na mabawa nahitaji kubwa, linalofunguka taratibu bila kunizungusha."

"Chukua dogo, kaka. Nakusihi."

Akalikunjua lile kubwa. Punje za mpunga zikamwagika miguuni pake.

"Panya wa huku hawana adabu!" nikafoka.

Mama akatoka jikoni na ungo wake. "Mwanangu, mbona unampa mgeni turubai uliloninunulia?"