Chale za Dada Tumaini

Utotoni mwangu, pale Mkwajuni, mtu akiamka na mabaka meusi mwilini bila kupigwa wala kuanguka, watu wazima walisema amefyonzwa damu na mchawi. Niliamini. Mabaka yalipotokea mapajani mwa dada yangu Tumaini, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, niliacha kulala naye mkeka mmoja.

Kisha fizi zake zikaanza kuvuja damu. Alikuwa akitema kwenye kopo, na mimi, wa miaka tisa, ndiye niliyekwenda kulimwaga. Nilishika kopo kwa vidole viwili huku nimeziba pua, naye alikuwa akiniona.

Baba akamleta mganga kutoka upande wa Galula. Alifika kwa pikipiki mchana kweupe, majirani wamejaa uani. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimejaa weusi. Alimgeuza dada huku na huku kama anayekagua mbuzi mnadani, akasema:

"Anayemfyonza ni wa ukoo. Mwanamke. Hana mtoto."

Hakuhitaji kutaja jina. Wote tulimgeukia Shangazi Sikujua, dada yake baba, mjane ambaye hakujaliwa kuzaa. Ndiye aliyekuwa akimpikia Tumaini uji.

"Kaka, mpeleke mtoto hospitali," shangazi alisema. "Mimi mtanifanya mtakavyo baadaye."

Baba akatazama chini.

Mganga akatutafunisha mizizi michungu, akaamuru kila mmoja amtemee mchawi. Zamu yangu ilipofika nilitema kwa nguvu zangu zote, mate yakampata shavuni. Watu wakanisifu. Nikafurahi, na furaha ile ndiyo inayonichefua kuliko yote.

Mganga akachukua wembe, akamchanja dada juu ya kila baka, akapaka masizi yaliyochanganywa na nyongo ya kuku. Damu ikatoka, ikaendelea kutoka. Tukakandamiza khanga, ikalowa. Tukaleta ya pili, nayo ikalowa, nzi wakaanza kutua.

"Uchafu unatoka, hiyo dalili njema," mganga alisema, mdomo umejaa nyama ya yule kuku.

Shangazi hakubishana tena. Alisimamisha bodaboda barabarani, akampandisha dada katikati, akamkumbatia kwa nyuma, wakaondoka. Hospitali ya kwanza iliwapeleka Mbeya. Mimi na baba tuliwafuata kesho yake.

"Nani amemkata huyu mtoto?" daktari aliuliza.

Akatueleza kwamba Tumaini ana saratani ya damu, ile inayokuja kwa kasi. Uboho wa mifupa umejaa chembe mbovu, na zile za kugandisha damu karibu zimekwisha. Ndiyo sababu ya fizi, ndiyo sababu ya mabaka.

"Mtu kama huyu hata sindano tunamchoma kwa tahadhari. Mmemchanja mara ngapi?"

"Ishirini na tatu," shangazi akajibu. Alizihesabu akizifunga.

Dada aliongezewa damu, na wa kwanza kujitolea alikuwa shangazi. Siku ya sita damu ilivujia kwenye ubongo. Tumaini akafariki.

Msibani walinong'ona kwamba Sikujua amemaliza kazi yake. Baba aliwasikia. Alikuwa amemsikia daktari pia, kwa masikio yake mwenyewe, na hakufungua mdomo.

Sasa nauza mchele Tunduma na nina watoto. Mwaka jana nilikwenda kumwomba shangazi radhi. Nilimkuta akipepeta karanga.

"Ulikuwa mtoto," alisema, akaendelea kupepeta.

Daktari hakutuambia kwamba dada angepona, nami sijidanganyi. Ila zilikuwepo siku chache ambazo tungeweza kukaa karibu naye na kumshika mkono. Tulizitumia kutafuta mtu wa kumchukia, tukamchagua yule mmoja ambaye hakumwonea kinyaa.