Tuligawana Kasuku wa Marehemu Mama, Sasa Wangu Anajinyonyoa Manyoya

Admin, usitaje jina langu wala mtaa, maana Rumonge ni mji mdogo na kaka yangu ana watu wake humu ndani. Nina miaka arobaini na tatu, nauza mawese sokoni, mume sina na simtafuti, kwa hiyo wa kunifuata inboksi wabaki kwao.

Marehemu mama alikuwa na kasuku wawili wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Aliletewa kutoka ng'ambo, Kongo, wakiwa wadogo, wakakaa tundu moja miaka kumi na minne. Walikuwa wakichambuana manyoya ya kichwani, na chikichi moja wanagawana. Mama alipougua nilimuuguza mimi, nikamwogesha, nikamlisha. Kaka anaishi Magara, safari ya gari moja tu, lakini alikuja Idi kwa Idi, anakula pilau, anaondoka.

Siku ya arobaini alikuja na kamioneti, kigari cha mizigo, pamoja na mke wake. Yule mwanamke alianza kupekua sufuria kabla dua haijaisha! Walichukua kitanda, friji, na cherehani ya mama. Nikawaachia. Walipogusa tundu la kasuku nikasema hapana, hao wanabaki. Kaka akapaza sauti mbele ya wazee: "Huyu alikula vitu ya mama yote wakati alikuwa mugonjwa. Vitenge viko wapi? Mwizi mukubwa!" Mwizi, mimi! Baba mdogo akaona tutashikana mashati, akakata maneno: "Bon, kila mutu achukue ndege moja. Imekwisha."

Sasa naungama. Nilijua kasuku wale hawatenganishwi. Ningeweza kusema chukua wote. Sikusema, kwa sababu sikuwa namtaka ndege, nilitaka tu kaka asipate wawili. Wake alitiwa kwenye kikapu cha samaki, akapiga kelele mpaka kamioneti ikapotea.

Mwezi wa pili wangu akaanza kujinyonyoa. Alianza kifuani, akaja mapajani, sasa manyoya yamebaki kichwani na mkiani, huku kwingine utadhani kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto. Majirani wakasema nimerogwa, wengine eti nawauzia waganga manyoya mekundu. Nikamwita daktari wa mifugo, mzee mtaratibu aliyezoea mbuzi. Akamkagua ngozi, akaangalia na mavi, akasema, "Dada, huyu haiko na wadudu. Iko na upweke. Mumusogeze pale watu wanapita, mumupe kitu ya kutafuna, mumunyunyizie maji. Lakini dawa yenyewe ni mwenzake." Nilifanya yote. Nikahamishia tundu barazani, nikampa vigunzi vya mahindi avipasue, nikamwongelesha kutwa mpaka taya zikauma. Alipunguza wiki mbili, kisha akarudia, mpaka damu.

Nikameza mate machungu nikampigia kaka. Akacheka. "Leta wako huku, halafu useme mbele ya baba mudogo kama ulikula vitenge." Nikakata simu. Baadaye mama mmoja anayenunua ndagala, dagaa wa ziwani, kule Magara akaniambia, "Ule wa kaka yako naye iko uchi, ndugu yangu." Kumbe alikuwa ananicheka na wake anavuja damu! Siku hiyo nilimtukana peke yangu mpaka jioni.

Mnaonihurumia, ngojeni kwanza. Jumapili asubuhi kaka alikuja. Geti lilikuwa limefungwa, nikasikia, "Dada, amahoro. Nimemuleta. Fungua." Hajamaliza, wangu barazani akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu arobaini ya mama, na yule wa kwenye kikapu akajibu. Wakawa wanaitana, mmoja ndani, mmoja nje. Nikashika komeo. Nikasema, "Sema kwanza kama mimi siko mwizi."

Akagonga geti.

"Fungua, ndege zinaumia."

"Sema."

"Dada, fungua."

Sikufungua. Nikasikia anaondoka, na ndege wake bado anaita mpaka barabara ya lami.

Tangu siku hiyo wangu hali chochote. Hata chikichi hagusi. Amejishikiza kwenye nyavu za tundu upande wa geti, na hajinyonyoi tena, nafikiri hana nguvu. Kaka alitoka Magara na kikapu chake bila sharti lolote, mwenye sharti nikawa mimi. Hilo linaniuma kuliko kuitwa mwizi, na bado namchukia.

Nishaurini. Wa kuandika "samehe dada, damu ni nzito kuliko maji" wapite tu, hilo sijauliza. Kesho napanda gari la Magara na tundu mapajani. Kaka akifungua mlango akanikuta nimesimama pale, nianze na neno gani?